Makro Haioni Flashi: Kutafuta Diski za Kompyuta kwa VBA, Dalili na Sababu Zake

Kitabu cha Excel kinachonakili mahesabu ya siku kwenye flashi kila jioni ni jambo la kawaida maofisini na madukani. Mtu anachomeka flashi, anabonyeza kitufe, makro (programu ndogo iliyoandikwa ndani ya Excel kwa lugha ya VBA) inatafuta flashi imepewa herufi gani, inanakili, kazi imeisha. Halafu siku moja makro inadai hakuna flashi, na flashi yenyewe inawaka taa pale pale. Au inasema imenakili, kumbe flashi ni tupu, na hilo ndilo baya zaidi.

Makosa haya yanaonekana mengi lakini mzizi wao ni mmoja. Kuna maswali matatu ambayo watu huyachanganya. Je, herufi hii ipo? Je, nyuma ya herufi hii kuna kitu kinachosomeka sasa hivi? Na kitu hicho ni kifaa gani hasa? Msimbo unauliza swali la kwanza, aliyeuandika anadhani amejibiwa la tatu.

Tuanze na msimbo wa msingi, kisha tupite dalili moja baada ya nyingine. Huu unatumia FileSystemObject (fso), chombo cha Windows cha kusoma diski na faili, kuorodhesha diski zote zenye herufi kwenye karatasi ya Excel uliyoifungua mbele yako:

```
Sub OrodheshaDiski()
    Dim fso As Object, d As Object, r As Long
    Set fso = CreateObject("Scripting.FileSystemObject")
    Range("A2:G30").ClearContents
    r = 2
    For Each d In fso.Drives
        Cells(r, 1).Value = d.DriveLetter
        Cells(r, 2).Value = d.DriveType
        If d.IsReady Then
            Cells(r, 3).Value = d.VolumeName
            Cells(r, 4).Value = d.FileSystem
            Cells(r, 5).Value = Round(d.TotalSize / 1024 ^ 3, 1)
            Cells(r, 6).Value = Round(d.FreeSpace / 1024 ^ 3, 1)
        Else
            Cells(r, 3).Value = "haiko tayari"
        End If
        r = r + 1
    Next d
End Sub
```

Mstari wa ClearContents usiudharau. Ukiuacha, flashi iliyochomolewa jana itaendelea kuonekana kwenye orodha ya leo, kwa sababu tu safu yake ya zamani haikufutwa. Windows ina herufi 26 tu za kugawa, kwa hiyo safu hadi ya 30 zinatosha.

Dalili: makro haianzi kabisa

Hapa sababu ni chache na hazihusiani na diski. Kama faili limekuja kwa barua pepe au limepakuliwa mtandaoni, Excel za siku hizi huzuia makro zake moja kwa moja. Funga faili, libonyeze kwa kitufe cha kulia, fungua Properties, weka alama kwenye Unblock, kisha ulifungue upya. Fanya hivyo kwa faili unalolijua limetoka wapi, siyo kwa kila kitu kinachoingia kwenye kompyuta.

Ukiona "User-defined type not defined", ujue msimbo umeandikwa `Dim fso As FileSystemObject` bila maktaba yake kuunganishwa. Unaweza kwenda Tools, kisha References, ukaweka alama kwenye Microsoft Scripting Runtime. Mimi napendelea njia ya CreateObject iliyo hapo juu, hasa kwa faili litakalozunguka kwenye kompyuta za watu wengi. Haina cha kuunganisha, kwa hiyo haina cha kukatika.

Kosa la 429, "ActiveX component can't create object", kwenye Windows humaanisha faili la scrrun.dll halijasajiliwa au limezuiwa. Fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike `regsvr32 scrrun.dll`. Kama mashine ni ya ofisi na fundi wake ameizuia kwa makusudi, zungumza naye kwanza. Kwenye Mac kosa hilohilo lina maana nyingine: FileSystemObject haipo huko kabisa, na diski hazina herufi bali hukaa kama folda chini ya `/Volumes`. Msimbo wa Windows hautafanya kazi Mac hata uubembeleze vipi.

Dalili: kosa la 71, "Disk not ready"

Hili ndilo kosa linalowakuta wengi mwanzoni. Herufi ipo, diski haipo. Mashine yenye kiendeshi cha DVD kisicho na sahani ina herufi isiyo na kitu. Kisomaji cha kadi nacho kinaweza kuchukua herufi hata kama hakuna kadi ndani. Ukiuliza jina, ukubwa au aina ya mfumo wa faili wa diski ya namna hiyo, VBA inasimama na kosa la 71. Sifa za DriveLetter, DriveType na IsReady zinaulizika bila shida kwa sababu zinahusu herufi. VolumeName, FileSystem, TotalSize, FreeSpace na SerialNumber zinahitaji kusoma kilichomo ndani.

Kumbuka pia kwamba `fso.DriveExists("E")` hurudisha True kwa kiendeshi kisicho na kitu ndani. Inajibu swali la kwanza tu. Ukitaka la pili, uliza IsReady.

"Lakini nimeshaweka IsReady na bado kosa linakuja." Basi angalia kama umeandika hivi:

```
If d.IsReady And d.FreeSpace > 50000000 Then
```

Mstari huu unasomeka vizuri na unaonekana salama. Si salama. Katika VBA neno And hukagua pande zote mbili kila mara, hata upande wa kwanza ukiwa umeshatoa False. Diski haiko tayari, IsReady imesema hivyo, lakini VBA inaendelea kuuliza FreeSpace, na hapo hapo kosa la 71 linatokea. Mtu aliyezoea JavaScript au C hunaswa hapa kwa sababu lugha hizo huacha kukagua mara tu jibu linapojulikana. Katika VBA lazima uweke If ndani ya If:

```
If d.IsReady Then
    If d.FreeSpace > 50000000 Then
        'nakili hapa
    End If
End If
```

Yanaonekana ni marefu bila sababu. Sababu ndiyo hiyo.

Dalili: hakuna kosa lolote, ila majibu si ya kweli

Mtu akichoshwa na kosa la 71 hukimbilia `On Error Resume Next` juu kabisa ya makro. Kosa linapotea. Tatizo limebaki, sasa limejificha, na hapa ndipo nakala zinapopotea.

Tazama mstari huu:

```
On Error Resume Next
For Each d In fso.Drives
    If d.VolumeName = "HIFADHI" Then
        ThisWorkbook.SaveCopyAs d.Path & "\nakala.xlsm"
        MsgBox "Imehifadhiwa " & d.Path
    End If
Next d
```

Makro inafika kwenye kiendeshi cha DVD kisicho na sahani. VolumeName inatoa kosa. Resume Next inaiambia VBA iendelee na mstari unaofuata, na mstari unaofuata uko *ndani* ya If. Kwa hiyo VBA inaingia ndani kana kwamba sharti limetimia, SaveCopyAs inashindwa kimyakimya, kisha MsgBox inatangaza kwa furaha kwamba mahesabu yamehifadhiwa D:. Mhasibu anazima kompyuta na kwenda nyumbani.

Ndugu yake mwingine ni huyu: `jina = d.VolumeName` ndani ya mzunguko, chini ya Resume Next. Diski ya kwanza ina jina, kigeu kinalipokea. Diski ya pili ni tupu, mstari unashindwa, kigeu kinabaki na jina la diski ya kwanza. Orodha inaonyesha diski mbili zenye jina moja, nawe unaanza kuilaumu Windows.

Kama ni lazima utumie Resume Next, iwashe kwa mstari mmoja, soma `Err.Number` papo hapo, kisha uizime kwa `On Error GoTo 0`. Na baada ya kunakili, usitangaze mafanikio kabla ya kuuliza `fso.FileExists` na kulinganisha ukubwa wa nakala na wa asili. Tumia SaveCopyAs badala ya amri ya FileCopy: faili lililo wazi FileCopy hulikataa.

Dalili: kosa la 6, "Overflow"

Sababu mbili, na ya pili huwashangaza hata wazoefu.

Ya kwanza ni kuweka TotalSize kwenye kigeu cha Long. Long huishia 2,147,483,647, yaani karibu GB 2 za baiti. Ndiyo maana msimbo uliojaribiwa na flashi ndogo ya zamani ulifanya kazi miaka yote na sasa unakwama kwenye flashi ya GB 32. Tumia Double.

Ya pili ni hesabu yenyewe. Andika `1024 * 1024` katika VBA na utapata Overflow bila diski yoyote kuhusika. Namba ndogo ikiandikwa hivyo, VBA huihesabu kuwa Integer, na Integer mwisho wake ni 32,767. Jibu la kuzidisha nalo linalazimishwa kuwa Integer. Andika `1024 ^ 3`, ambayo hutoa Double, au weka alama ya # kwenye namba ya kwanza: `1024# * 1024 * 1024`.

Na kama jibu linakuja dogo kuliko lililoandikwa kwenye boksi, hilo si kosa. Muuzaji anahesabu GB moja kuwa baiti 1,000,000,000, Windows inagawanya kwa 1024 mara tatu. Diski ya GB 500 inasomeka kama 465, ya TB 1 kama 931.

Dalili: flashi ipo, File Explorer inaiona, makro inasema haipo

Kwanza angalia kama makro inatumia `Dir("E:\") <> ""` kupima uwepo wa diski. Dir ikitumika hivyo hutafuta faili za kawaida kwenye mzizi wa diski. Flashi mpya isiyo na kitu hurudisha neno tupu. Flashi iliyojaa folda, lakini isiyo na faili hata moja nje ya folda, hurudisha neno tupu vilevile. Na herufi isiyo na diski inaweza kukupa kosa la 52, "Bad file name or number". Dir ni ya kutafuta faili, iache kwenye kazi yake.

Kisha kuna kisa kinachojulikana sana kwa wenye steshenari na wahudumu wa intaneti kafe: virusi vya shotikati. Flashi inapitishwa kwenye kompyuta yenye virusi, folda zake zote zinafichwa na kupewa alama ya mfumo, na mahali pake panawekwa shotikati zenye majina yaleyale. Makro inayotafuta `Dir("E:\MAHESABU", vbDirectory)` haitaiona folda hiyo, kwa sababu Dir hairuki mpaka wa vilivyofichwa hadi uombe kwa `vbHidden + vbSystem`. `fso.FolderExists` inaiona. Kwa hiyo njia mbili ndani ya makro moja zinaweza kutoa majibu yanayopingana, na zote ziko sahihi. Safisha virusi kwanza kwa programu ya kinga, kisha rudisha folda kwa Command Prompt, ukibadilisha herufi iwe ya flashi yako:

```
attrib -h -r -s /s /d E:\*.*
```

Usibonyeze zile shotikati kuangalia zinaenda wapi.

Kama hata File Explorer haioni flashi ila kompyuta inatoa mlio ikichomekwa, fungua `diskmgmt.msc`. Mara nyingine diski iko pale bila herufi, au herufi iliyotaka imeshachukuliwa na diski ya mtandao. FileSystemObject haiwezi kuorodhesha kisicho na herufi. Bonyeza kitufe cha kulia juu yake, chagua Change Drive Letter and Paths, ipe herufi iliyo wazi. Ila ukiona dirisha linakuomba uifomati, na ndani kuna vitu unavyovihitaji, acha kwanza. Suala hilo limeshatoka kwenye makro.

Kinyume chake pia hutokea: diski haionekani File Explorer lakini makro inaiorodhesha. Mara nyingi ni sera ya ofisi ya kuficha herufi. Sera hiyo huificha machoni tu, haiiondoi.

Dalili: diski ngumu ya nje inaorodheshwa kama ya ndani

Hapa swali la tatu linajitokeza lenyewe. Umeandika makro inayotafuta DriveType 1, yaani inayohamishika. Flashi zinapatikana, lakini diski ngumu ya nje ya TB 1, iliyounganishwa kwa waya wa USB, inasomeka 2 kama diski ya ndani.

Windows haijakosea. DriveType haikuambii kifaa kimeunganishwa kwa waya gani. Inakuambia kama kifaa kimejitangaza kuwa chombo kinachobadilishwa, kama kadi kwenye kisomaji au diski laini za enzi zile zilizokuwa na herufi A na B. Flashi nyingi hujitangaza hivyo. Diski ngumu za nje hazijitangazi, na baadhi ya flashi pia hazijitangazi. Google Drive ya kompyuta nayo huja na herufi yake, kawaida G, ikijifanya diski ya ndani, na herufi iliyotengenezwa kwa amri ya `subst` hufanya vivyo hivyo. Makro inayochagua "diski ya pili ya aina 2" itaandika mahali popote kati ya hapo.

Kabla hujaenda mbali zaidi, hakikisha hujachanganya namba. Kuna orodha mbili zinazofanana mno na hazilingani, moja ya FileSystemObject, nyingine ya WMI (huduma ya Windows inayotoa taarifa za vifaa vya kompyuta) na GetDriveType (amri ya Windows yenyewe):

| Aina | FileSystemObject | WMI na GetDriveType |
|---|---|---|
| Inayohamishika | 1 | 2 |
| Ya ndani | 2 | 3 |
| Ya mtandao | 3 | 4 |
| CD au DVD | 4 | 5 |
| Diski ya RAM | 5 | 6 |

Aliyenakili nusu ya msimbo kutoka mfano wa WMI na nusu kutoka mfano wa FileSystemObject anapata makro inayoiona diski ya C kuwa flashi. Kama makro hiyo ina kazi ya kufuta faili za zamani kwenye flashi, unajua kitakachofuata. Kwa sababu hiyo peke yake naona ni vyema kuandika majina badala ya namba, mfano `Const FSO_INAYOHAMISHIKA = 1`, juu ya kila moduli.

Kujua kifaa chenyewe, acha FileSystemObject uende WMI. Huko diski halisi, sehemu zake na herufi ni vitu vitatu tofauti vinavyounganishwa hatua kwa hatua:

```
Sub HerufiNaKifaa()
    Dim wmi As Object, diski As Object
    Dim sehemu As Object, herufi As Object, q As String
    Set wmi = GetObject("winmgmts:\\.\root\cimv2")
    For Each diski In wmi.ExecQuery("SELECT * FROM Win32_DiskDrive")
        q = "ASSOCIATORS OF {Win32_DiskDrive.DeviceID='" & _
            Replace(diski.DeviceID, "\", "\\") & _
            "'} WHERE AssocClass = Win32_DiskDriveToDiskPartition"
        For Each sehemu In wmi.ExecQuery(q)
            q = "ASSOCIATORS OF {Win32_DiskPartition.DeviceID='" & _
                sehemu.DeviceID & _
                "'} WHERE AssocClass = Win32_LogicalDiskToPartition"
            For Each herufi In wmi.ExecQuery(q)
                Debug.Print herufi.DeviceID, diski.Index, _
                    diski.Model, diski.InterfaceType
            Next herufi
        Next sehemu
    Next diski
End Sub
```

Ndani ya dirisha la kuandikia VBA, bonyeza Ctrl+G kuona majibu. Kompyuta ndogo yenye C: na D: mara nyingi itaonyesha namba moja ya Index kwa herufi zote mbili: ni diski moja iliyokatwa vipande viwili. Wapo wanaonakili mahesabu kutoka C: kwenda D: wakiamini wana nakala ya akiba. Diski ikifa, vyote vinakufa.

InterfaceType ikisema USB, basi ni ya USB. Ikisema SCSI usikimbilie kusema ni ya ndani, kwa sababu diski ngumu za nje za kasi zinazotumia itifaki ya UASP hujitokeza hapo kama SCSI. Kwa Windows 8 na kuendelea kuna mahali pazuri zaidi pa kuuliza: njia ya `root\Microsoft\Windows\Storage`, darasa la MSFT_Disk, sifa ya BusType. Namba 7 ni USB, 11 ni SATA, 17 ni NVMe. Sifa ya Number huko hulingana na Index ya Win32_DiskDrive, kwa hiyo unaunganisha kwa hiyo.

Dalili: WMI inasema nafasi haitoshi wakati inatosha, au inatoa kosa la 94

Size na FreeSpace za Win32_LogicalDisk zikifika VBA huwa ni maandishi, siyo namba. Ukilinganisha maandishi mawili, VBA inalinganisha herufi kwa herufi kutoka kushoto, hivyo "9000000" inakuwa kubwa kuliko "50000000000" kwa kuwa 9 inaizidi 5. Makro itapita majaribio yote hadi siku namba zitakapojipanga vibaya. Zigeuze kwanza kwa `CDbl`.

Kwa kiendeshi kisicho na kitu, Size ni Null, na CDbl ya Null hutoa kosa la 94, "Invalid use of Null". Kagua kwa IsNull, tena kwa If iliyo ndani ya If, kwa sababu ileile ya And.

Dalili: makro inaganda sekunde nyingi, au diski ya mtandao haionekani

Kuganda mara nyingi hutoka kwa diski ya mtandao ambayo seva yake imezimwa au kompyuta imetoka nje ya ofisi. Herufi Z: bado ipo, makro inauliza IsReady, Windows inasubiri seva ijibu. Uliza DriveType kwanza, na kama ni 3 kwa FileSystemObject, iruke bila kuigusa, isipokuwa unaihitaji.

Kutoonekana kuna sababu nyingine. Herufi za mtandao ni za kikao cha mtumiaji, siyo za kompyuta nzima. Excel ikifunguliwa kwa "Run as administrator" inaingia kwenye kikao tofauti ambacho hakina Z:. Task Scheduler ikiendesha makro usiku hukutana na jambo hilohilo. Kuna thamani ya rejista iitwayo EnableLinkedConnections inayounganisha vikao hivyo viwili, lakini ni rahisi zaidi kufungua Excel kwa njia ya kawaida, au kuacha herufi kabisa na kuandika njia kamili ya seva, mfano `\\seva\mahesabu`. Njia hiyo haitegemei nani alipanga herufi gani.

Dalili: jana ilinakili E:, leo inaandika kwenye flashi ya mtu mwingine

Herufi hugawiwa kwa kilichopo wazi wakati huo. Leo mteja amechomeka flashi yake kwanza, akapata E:, yako ikawa F:. Kuandika herufi ndani ya msimbo ni kuomba hilo litokee.

Tambua flashi kwa jina lake, lakini linganisha bila kujali herufi kubwa na ndogo: `StrComp(d.VolumeName, "Hifadhi", vbTextCompare) = 0`. Kwenye flashi yenye mfumo wa faili wa FAT32 Windows hulihifadhi jina kwa herufi kubwa, kwa hiyo Hifadhi inarudi kama HIFADHI, na ulinganisho wa kawaida wa VBA huzitofautisha. Jina la FAT32 lina nafasi 11 tu, la mfumo wa NTFS 32.

Ukitaka uhakika zaidi tumia namba ya SerialNumber. Ni Long, inaweza kuja hasi, kwa hiyo iandike kwa `Right("0000000" & Hex(d.SerialNumber), 8)` na itafanana na ile inayotolewa na amri ya `vol`. Elewa tu kwamba namba hii ni ya fomati, siyo ya chuma. Flashi ikifomatiwa inabadilika, na diski zilizonakiliwa nzima kwa programu ya kunakili zinaweza kuwa na namba moja.

Dalili: ujumbe unaotaja PtrSafe

Msimbo wa zamani unaoita GetDriveType au GetLogicalDrives moja kwa moja kutoka kernel32, maktaba ya Windows yenyewe, hukataliwa na Office ya biti 64. Ongeza neno hilo:

```
Private Declare PtrSafe Function GetDriveType Lib "kernel32" _
    Alias "GetDriveTypeA" (ByVal njia As String) As Long
```

Njia uipe ikiwa na mkwaju wa mwisho, `"E:\"`. Neno PtrSafe linakubalika kuanzia Office 2010. Hata hivyo, kama FileSystemObject inakutosha, sioni haja ya kubeba Declare hizi.

Dalili: flashi ina nafasi kubwa, faili zinaharibika

TotalSize inasema GB 2000, FreeSpace inasema karibu hiyohiyo, makro inanakili bila kosa, na baada ya wiki mbili faili za karibuni hazifunguki. Flashi ya TB 2 iliyouzwa kwa bei ya chakula cha mchana ni karibu kila mara flashi ndogo ambayo chipu yake imefundishwa kudanganya ukubwa. VBA inauliza Windows, Windows inauliza chipu, na uongo unapita bila kizuizi. Hakuna sifa ya FileSystemObject wala ya WMI itakayoukamata. Njia ya uhakika ni kuijaza flashi data na kuisoma yote tena, kazi inayofanywa na programu ya bure ya H2testw. Ifanye kabla flashi haijapewa kazi ya kutunza mahesabu, na uiache iende usiku kucha.